Umepewa udosi? Tuliza kalamu kwanza

Siku yangu ya kwanza kama meneja niliamka saa kumi alfajiri, na haikuwa furaha iliyoniamsha. Ilikuwa woga. Nilikuwa na miaka 26. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo riziki yangu ilitoka kwa kuandika mtandaoni nikiwa kwa bedsita Umoja. Sasa kampuni moja kubwa hapa Nairobi, yenye wafanyakazi zaidi ya elfu moja, ilikuwa imeniita niongoze idara yake ya mawasiliano ya kidijitali. Watu 14 chini yangu. Ofisi yenye mlango. Kiti cha kuzunguka.

Soja wa getini, yule yule aliyenikalisha kwa benchi nusu saa siku ya mahojiano, alinipigia saluti. "Karibu kazini, Madam." Niligeuka nyuma nione Madam ni nani.

Ninaleta stori hii kwa sababu inboksi yangu siku hizi imejaa swali moja. "Dadangu, nimepata. Naanza Jumatatu. Nifanyeje?" Vijana wa rika letu wanapanda haraka, hasa kwenye kazi za dijitali, takwimu na pesa za simu, ambako miaka mitatu ya uzoefu tayari inakufanya mzee. Ushauri wa kutafuta kazi umejaa kila mahali: jinsi ya kuandika CV, jinsi ya kuvaa, jinsi ya kumtazama anayekuhoji. Ila ukishapewa ile kazi kubwa, hakuna anayekwambia kinachokungoja ndani.

Wengi wetu tunadhani kazi kubwa ni kazi ndogo iliyoongezwa mshahara. Si hivyo. Ukiwa chini unalipwa kwa kazi ya mikono yako: umeandika, umepiga hesabu, umeuza. Ukipanda, unalipwa kwa sahihi yako. Unachokubali kinaendelea, unachokataa kinasimama, na mambo yakiharibika jina lililo chini ya karatasi ni lako. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: miezi mitatu ya kwanza kazi yako ni kusikiliza na kusoma. Kalamu itulie. Mimi nilifanya kinyume, na nikalipia.

Usitarajie kasi ya mtaani

Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni jinsi mambo yanavyokwenda polepole. Mimi nilipewa kompyuta siku ya nne. Nenosiri la mfumo wa fedha lilifika wiki ya pili. Kadi yangu ilikuwa inafungua choo cha orofa ya tatu lakini haifungui ofisi yangu mwenyewe, kwa hivyo siku tano za kwanza, meneja mzima, nilikuwa nagonga mlango nifunguliwe na watu ninaowaongoza.

Kisha kuna vikao. Wiki yangu ya kwanza nilihesabu 19. Humo watu wanaongea kwa vifupisho hadi unahisi umeshukia nchi nyingine. Beba daftari, andika kila kifupisho usichokielewa, na jioni tafuta mtu mmoja umuulize vyote kwa mpigo. Wiki za kwanza una ruhusa ya kuuliza chochote bila mtu kukushangaa. Baada ya miezi sita swali lile lile litakutia aibu, na utaanza kujifanya unajua. Hapo ndipo mameneja wengi huanza kuoza.

Nilipokuwa nikijiandikia mwenyewe, wazo la asubuhi lilikuwa hewani kufikia saa saba mchana. Kwa kampuni kubwa wazo hilo hilo linapita idara ya sheria, idara ya fedha na idara ya ununuzi, halafu linarudi kwako wiki tatu baadaye likiwa limechoka. Nilikasirika. Nilidhani ni uzembe tu. Baadaye nikaelewa kwamba nyuma ya kila sahihi inayotakiwa kuna kisa: siku moja pesa zilipotea, au mteja alishtaki, au mtu alifutwa kazi, na hatua hiyo ikaongezwa ili yasitokee tena. Hatua zingine zimepitwa na wakati, ni kweli. Lakini huwezi kujua ni zipi kabla hujasikia kisa chenyewe.

Tarajia upweke pia

Siku ya pili niliingia jikoni kujimiminia chai. Vijana wanne walikuwa wanacheka hadi machozi. Waliponiona, kicheko kikakatika. "Habari ya asubuhi, Madam," mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa shule mbele ya mwalimu mkuu. Wawili kati yao walikuwa wananizidi umri.

Hiyo ndiyo bei ya kwanza ya cheo. Vichekesho vyako vitachekewa hata visipochekesha, na hapo kuna hatari, kwa sababu hata mawazo yako mabaya yatapigiwa makofi. Utahitaji mtu wa kukwambia ukweli, na mtu huyo hatakuja mwenyewe. Itabidi umtafute.

Tena jua kwamba ndani ya idara kuna mtu aliyekitaka kiti chako. Karibu kila mara yupo. Kwangu alikuwa naibu wangu: miaka saba kazini, digrii mbili, na aliomba nafasi ile ile akanyimwa. Hakuwahi kunikosea adabu. Alinifungulia milango, akanibebea mkoba wa kompyuta. Mimi sikuwahi kukaa naye chini nikamwambia, "Najua uliitaka nafasi hii. Tufanyeje ili tushikane?" Labda haingebadilisha kitu. Lakini ni mazungumzo ya dakika ishirini, na niliyaogopa.

Wenye malalamiko ya zamani nao watakuja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila ombi ambalo meneja aliyetangulia alilikataa litafufuka wiki yako ya kwanza likiwa limevaa nguo mpya. Nilikubali matatu ya namna hiyo nikidhani ninajenga urafiki. Mawili yalikuwa yamekataliwa kwa sababu nzuri sana.

Umerithi, hujaanzisha

Hata wadosi wa juu kabisa huingia katikati ya mambo. Peter Ndegwa alianza kuiongoza Safaricom Aprili 1, 2020, akiwa Mkenya wa kwanza kuteuliwa afisa mkuu mtendaji wa kampuni hiyo. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilikuwa kimetangazwa Machi 13. Kafyu ya usiku ilianza Machi 27, siku tano kabla yake. Ada za kutuma shilingi 1,000 kwenda chini kwa M-Pesa zilikuwa tayari zimeondolewa katikati ya Machi ili watu wapunguze kushikana noti. Yaani kabla hajakalia kiti, uamuzi unaogusa mapato ya kampuni ulikuwa umeshafanywa, na ni yeye ambaye angeulizwa hesabu.

Wewe huenda hutaingia wakati wa janga, lakini bajeti utaikuta imepitishwa. Mikataba imesainiwa. Kuna mtu aliahidiwa kupandishwa cheo na meneja aliyeondoka, na anakungoja wewe utimize. Kwa hivyo siku ya kwanza omba vitu vitatu: bajeti ya mwaka na kiasi kilichokwisha kutumika, orodha ya mikataba yote inayoendelea pamoja na tarehe zake za mwisho, na ripoti ya mwisho ya wakaguzi wa ndani kuhusu idara yako. Vitu hivyo vitatu vitakwambia mengi kuliko hotuba zote za kukukaribisha.

Mimi sikuomba hata kimoja. Niliomba ukuta wa ofisi yangu upakwe rangi nyingine.

Mathe na faili nyembamba

Idarani kulikuwa na katibu mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye kila mtu alimwita Mathe. Alikuwa hapo miaka 17, na mameneja watano walikuwa wamepita mbele yake. Siku ya tatu aliingia na kikombe cha chai akasema, "Mwanangu, ukipata saa moja nikupitishe kwa faili zetu." Nikamwambia, "Asante Mathe, nitakutafuta." Sikumtafuta.

Wiki ya pili nilifanya lile ambalo vijana hufanya wakitaka kuonekana wamefika: nilipanga idara upya. Nilichora visanduku na mishale kwa slaidi, nikavipa majina makubwa. Mathe hakutoshea popote. Sisi tulikuwa idara ya kidijitali, na yeye alikuwa na makabati mawili ya chuma. Nikamhamisha kwenda mapokezi orofa ya chini, na nikalitangaza kwenye kikao cha watu wote. Aliipokea barua, akaisoma mara mbili, akasema, "Sawa, Madam." Si "mwanangu" tena. Niliisikia hiyo tofauti, nikaipuuza.

Wiki ya tatu, Ijumaa saa kumi na nusu jioni, naibu wangu aliniletea faili. Ilikuwa malipo ya shilingi milioni 1.8 kwa mzabuni aliyeendesha kampeni ya watu maarufu wa mitandaoni kabla sijaajiriwa. "Ni ya kawaida tu, Madam. Mwezi unaisha na mzabuni anatusumbua." Ndani kulikuwa na karatasi nne. Nikaangalia saa, nikafikiria foleni ya magari barabara ya Jogoo, nikasaini.

Mwezi wa nne wakaguzi wa ndani wakanipigia simu. Orodha ya kampeni ilikuwa na akaunti 12. Saba kati yazo hazikuwa zimechapisha hata neno moja kuhusu kampuni yetu. Na hapa ndipo aibu iliponimaliza: hiyo ndiyo kazi niliyoijua kuliko mtu yeyote kwa jengo lile. Ningefungua simu yangu dakika kumi tu ningeona. Waliniuliza, "Ulithibitisha kazi ilifanyika?" Sahihi yangu ilikuwa chini ya sentensi inayosema nimethibitisha kazi imekamilika. Sikuwa hata nimeisoma.

Nilishuka mapokezi. Mathe alikuwa anaandika jina la mgeni kitabuni. Nilimngoja amalize, kisha nikamweleza. Hakushangaa.

"Hiyo ankara niliirudisha mara mbili kwa meneja aliyekutangulia," akasema. "Kampeni ya milioni huwa na karatasi arobaini. Hiyo ilikuwa na nne. Faili nyembamba ndiyo nzito, mwanangu. Nilingoja uniulize."

Naibu wangu aliitwa kwa kikao cha nidhamu na baadaye akaondoka. Mimi nilipewa barua ya onyo, na kipindi changu cha majaribio kikarefushwa miezi mitatu. Nilimwomba Mathe msamaha mbele ya idara nzima, kwa sababu ni mbele ya idara nzima nilipomshusha, na nikamwomba arudi. Alirudi. Ijumaa nne mfululizo tulikaa tukapitia faili za miaka miwili nyuma. Zile Ijumaa nne zilinifunza kazi kuliko vikao vyote nilivyokalia.

Watu wakisikia kisa hiki wanasema kosa langu lilikuwa kuamini mtu. Mimi naona ni makosa mawili, na la kwanza ndilo lililozaa la pili. Nilimwondoa mtu pekee aliyejua kilichokuwa ndani ya kabati, halafu nikaanza kusaini vilivyotoka kwa kabati hilo.

Sheria haikungoji ujifunze

Kuna jambo ambalo watu wa idara ya sheria waliniambia siku hiyo na sikuwa nimewahi kulisikia. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haiwahusu wafanyakazi wa serikali peke yao. Inasema mtu yeyote mwenye mamlaka, awe katika shirika la umma au la kibinafsi, akijua au hata kushuku kwamba kuna hongo, anatakiwa aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ndani ya saa 24. Si wiki. Si baada ya kushauriana na marafiki kwenye WhatsApp. Saa 24. Ukipewa cheo, hata kama una miaka 26 na bado unatafuta choo kiko wapi, mwenye mamlaka ni wewe.

Hiyo Ijumaa ningekuwa nimesoma zile karatasi nne, maswali yangeanza hapo hapo. Kutosoma hakukuniokoa. Kulinichelewesha tu hadi wengine waliposoma kwa niaba yangu.

Jua pia haki zako, kwa sababu kazi kubwa haikuondolei ulinzi wa sheria. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kipindi cha majaribio hakifai kuzidi miezi sita. Kinaweza kurefushwa kwa miezi mingine isiyozidi sita, lakini ni wewe ukikubali. Ukiwa katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba tu, au ulipwe mshahara wa siku saba. Sasa fikiria mtu aliyeacha kazi yake ya zamani, akahamia nyumba ya elfu themanini Kilimani wiki ya kwanza na kuchukua mkopo wa gari. Siku saba! Miezi sita ya kwanza ishi kama ulivyokuwa ukiishi. Mimi nilibaki kwa bedsita yangu, na barua ya onyo ilipokuja nilishukuru Mungu.

Ukoo nao unapandishwa cheo

Habari zikifika nyumbani, hutaajiriwa peke yako. Binamu uliyemwona mara ya mwisho kwa mazishi atakutumia CV. Kwa harambee hutakuwa mchangiaji tena, utakuwa mwenyekiti. Kundi la familia litaanza kuandika jina lako kwanza kwenye orodha, na kiasi kitakuwa kimejazwa tayari.

Shida ni kwamba wao wanaona mshahara wa kwenye barua, nawe unapokea ule wa benki. Chukua mfano wa mshahara wa shilingi 300,000. Toa ushuru wa PAYE, toa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, toa asilimia 1.5 ya nyumba, toa mchango wa NSSF. Unabaki na kama shilingi 205,000. Ni pesa nyingi, sitaki kudanganya mtu. Lakini karibu laki moja haijafika nyumbani, na hakuna shangazi atakayeamini.

Ushauri wangu ni mmoja: amua kiasi cha kusaidia kabla mshahara haujaingia, kiwe kile kile kila mwezi, na ukiseme mapema. Mamangu nilimwambia, "Mama, nitakuwa natuma elfu kumi na tano, mvua ije jua lije." Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa, nijue ya kupangia." Kilichomsaidia ni kujua.

Na ile CV ya binamu? Mwelekeze aombe kazi kama wengine. Ukimwingiza kwa mlango wa nyuma, siku utakapotaka kumkemea mtu kwa uvivu hutakuwa na mdomo.

Na yule asiye na digrii?

Hili linanihusu, kwa hivyo nitalisema wazi. Unaweza kupanda bila digrii. Bob Collymore, aliyeiongoza Safaricom kutoka mwishoni mwa 2010 hadi alipofariki Julai 1, 2019, hakupitia chuo kikuu. Vijana tunapenda kumtaja tukitaka kutetea kuacha masomo. Tunasahau kutaja miaka mingi aliyopanda ngazi katika kampuni za simu Uingereza kabla hajakalia kiti hicho. Hakuruka darasa. Alisomea kwingine, na ilimchukua muda mrefu.

Kile usichoweza kufanya ni kudanganya. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa taasisi za umma walipatikana na vyeti ghushi. Kampuni kubwa za kibinafsi nazo hukagua, na mara nyingi hukagua ukiwa umeshaingia. Kwenye fomu yangu niliandika "sikumaliza". Mkono ulitetemeka. Walinichukua kwa kazi waliyokuwa wameiona. Siku ya wakaguzi, nikiwa nimekaa kwa kiti cha moto, kitu pekee ambacho hakikuwa kikinitisha ni faili yangu mwenyewe.

Halafu tarajia kwamba wengine hawatasahau. Kuna kikao mkubwa mmoja alisema, "Sisi tuliosoma tunajua." Kila mtu akaangalia meza. Sikujibu. Niliendelea kuonyesha takwimu zangu, na zilikuwa sahihi. Jibu bora kwa maneno kama hayo ni kazi isiyo na dosari, na ndiyo maana lile kosa la milioni 1.8 liliniuma maradufu. Nilikuwa nimewapa la kusema.

"Sasa si nitaonekana mlegevu?"

Najua mnachofikiria. Ukikaa miezi mitatu unasikiliza tu, si watasema umelala? Bosi wako ana bosi wake, na bodi inataka matokeo kila robo mwaka. Ni kweli. Hakuna anayelipwa mshahara mkubwa ili anywe chai.

Lakini kusikiliza si kukaa bure. Ukisikiliza vizuri, ndani ya mwezi mmoja utasikia kero moja ambayo kila mtu anaitaja na hakuna anayeitetea. Hiyo ndiyo ushughulike nayo kwanza. Kwetu ilikuwa kikao cha Jumatatu kilichochukua saa mbili kusoma ripoti ambazo kila mtu alikuwa nazo kwa barua pepe. Nilikipunguza hadi dakika 40. Hakuna aliyepoteza kazi, hakuna aliyeshushwa, na watu wakaanza kuniangalia usoni. Kama ningeanza na hicho badala ya visanduku na mishale, miezi yangu ya kwanza ingekuwa tofauti.

Mabadiliko makubwa, yale ya kuhamisha watu na kukata mikataba, yangoje hadi uweze kueleza kwa nini mambo yaliwekwa yalivyo. Ukishindwa kueleza, hujawa tayari kuyabadilisha. Na malipo yoyote yanayoletwa Ijumaa jioni kwa haraka, yalale hadi Jumatatu. Mzabuni wa kweli atangoja siku mbili. Anayeshindwa kungoja siku mbili, chunguza.

Nilikaa pale miaka miwili, nikathibitishwa kazini, kisha nikaondoka kwa hiari yangu nirudi kuandika. Siku ya mwisho Mathe alinisindikiza hadi getini. Alinikabidhi daftari langu la vifupisho, lile la wiki ya kwanza, nililokuwa nimelisahau kwa droo. Akasema, "Chukua, mwanangu. Mwingine atakuja na lake."

Kwa hivyo wewe unayeanza Jumatatu, hongera. Umeipigania, ni yako. Kiti kitakuwa kizuri na soja atakupigia saluti. Siku mbili tatu zikipita, mtu mmoja ambaye hayuko kwa mchoro wowote ataingia akuulize kama una saa moja.

Mwambie unayo. Mwambie akae.